Kofia ya Matundu Sabini na Mawili

Mwaka niliostaafu ualimu niligundua mambo mawili. La kwanza, mke wangu alikuwa amezoea nyumba isiyokuwa na mimi ndani yake kutwa nzima, na hakuwa na nia ya kubadilisha mazoea. La pili, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kwa hiari. Miaka thelathini na minne nilifundisha hesabu, na muda wote huo nilijidanganya kwamba wanafunzi wananitazama kwa sababu nasema ya maana. Kumbe walinitazama kwa sababu mlango ulikuwa upande wangu.

Nilikuwa katika hali hiyo namba ile iliponikuta. Nasema iliponikuta, ingawa ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeitafuta, kwa kukosa kazi. Asubuhi moja nyumbani kwangu Wiyoni, nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai, kalamu na bahasha kuukuu, nikihesabu rakaa za faradhi za siku moja: mbili za alfajiri, kisha nne, nne, tatu, nne. Kumi na saba. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akamshukuru Mungu, akaenda sokoni kununua samaki kama alivyotumwa. Mimi nikaigawanya moja kwa kumi na saba, nione kitatoka nini.

Nilianza kwa simu. Simu ikanipa tarakimu chache, ikachoka. Nikarudi kwenye bahasha, nikagawanya kwa mkono kama tulivyofundishwa zamani: sufuri nukta sufuri, tano, nane, nane, mbili, tatu, na kuendelea. Zikatoka tarakimu kumi na sita, kisha zikaanza upya zile zile, kwa mpangilio ule ule, na nilijua kwamba nikiendelea zitarudi hivyo mpaka kiyama. Nikaziandika kando peke yake:

0588235294117647

Ukiiacha sufuri ya mbele, hiyo ni namba kamili tena kubwa: trilioni mia tano themanini na nane, bilioni mia mbili thelathini na tano, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia moja na kumi na saba, mia sita arobaini na saba. Niliisema kwa sauti mara tatu. Mara ya nne mke wangu aliniuliza kutoka jikoni kama nina homa.

Lakini ukubwa si kitu. Izidishe kwa mbili, unapata 1176470588235294. Itazame vizuri. Ni tarakimu zile zile, kwa mfuatano ule ule, ila zimeanzia mahali pengine. Izidishe kwa tatu: 1764705882352941. Zile zile tena. Kwa nne, kwa tano, mpaka ufike kumi na sita, namba haibadiliki. Inazunguka tu kama ngamia wa kinu. Halafu ukiizidisha kwa kumi na saba, kila kitu kinafutika, na mbele yako zinabaki tisa kumi na sita zimejipanga safu moja kama watu wamekimiwa sala.

Kuna zaidi. Ikate katikati, nane huku na nane huku, uweke nusu ya pili chini ya nusu ya kwanza: 05882352, na chini yake 94117647. Kila tarakimu ya juu na iliyo chini yake zinatimia tisa. Sufuri na tisa, tano na nne, nane na moja, nane tena na moja tena, mbili na saba, tatu na sita, tano na nne, mbili na saba. Hakuna hata jozi moja inayokosea. Nilipofika hapo machozi yalinilengalenga, na naona haya kulisema hilo, kwa sababu siku mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza sikulia.

Ningekuwa na busara ningelifurahia jambo hilo kimya kimya. Badala yake niligeuka kero ya mtaa.

Kwanza niliipeleka kwenye kundi la simu la walimu wastaafu. Niliiandika namba peke yake, bila maelezo, nikitaka waumize vichwa. Watatu walijibu Amin. Wa nne akauliza hiyo ni simu ya nani, maana ameipiga akaambiwa haipo. Kisha nikamwendea jirani yangu anayesomesha madrasa, nikaanza kumpa habari za rakaa kumi na saba na siri zilizofichika ndani yake. Alinikatiza kwa upole. Alisema dini imesimama karne zote hizi bila ya kuningoja mimi na bahasha yangu, na kwamba kumi na saba ingetoa tarakimu hizo hizo hata kama ningekuwa nahesabu mbuzi. Alikuwa na haki, na nilichukia siku nzima.

Aibu kubwa zaidi ilinipata kwenye boti ya Chundwa. Tulikuwa tunakwenda kuwapa pole watu wa upande wa mke wangu, na maji yalikuwa yametoka, boti ikakwama kwenye mchanga. Hapo tungekaa mpaka maji yajae. Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja mkulima, mtu mpole, nami nikaona hii ni fursa, kwa sababu abiria wa boti hana pa kwenda. Nilimweleza kuzidisha kwa mbili. Nilimweleza kuzidisha kwa tatu. Nilipofungua mdomo kueleza habari za tisa, alikunja kikoi chake, akashuka majini, akasimama nje mpaka maji yakamfika kiunoni. Alisema anaipunguzia boti uzito. Tulipofika, mke wangu alisema nisiwaambie wafiwa.

Dada yangu ndiye aliyenipa ushauri, na aliutoa kwa kejeli. Yeye anaishi na babetu katika nyumba ya zamani mjini, na habari za boti zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Mpelekee Baba namba yako," aliniambia. "Yeye haoni, hatokukimbia."

Lazima niseme kidogo juu ya babangu. Maisha yake yote alishona kofia kwa mkono, kofia nyeupe za bafta, amekaa kwenye baraza ya mlango wake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Watu walimjua kwa mkono wake ulio sawa. Nilipokuwa mdogo alinitia sindano mkononi nami nikashona siku mbili; ya tatu akaitazama kazi yangu, akaniambia nirudi kwenye vitabu. Halafu presha ya macho ikamshika. Hospitalini Mombasa walimwambia kwamba nuru iliyopotea hairudi. Alirudi nyumbani, akaingia ndani, na mpaka wakati ninaousimulia alikuwa hajavuka kizingiti kwa miezi minane. Hata Ijumaa hakutoka.

Sababu aliyoitoa ilikuwa kofia. Alisema hana kofia ya kuvaa. Ni kweli kwamba alikuwa amebakiwa na moja tu, nyingine zote amewauzia watu au amewagawia, na hiyo moja aliiacha kwenye kiti na paka wa mtaani akazaa ndani yake watoto wanne. Tulimletea nyingine mpya, nzuri sana, ya fundi wa mjini hapa hapa. Aliipapasa, akairudisha. Alisema tangu alipokuwa kijana hajavaa kofia ya mkono wa mtu mwingine na hataanza sasa. Sisi tulijua kwamba hicho ni kisingizio. Alichokiona kigumu ni kushikwa mkono na kuongozwa katika njia alizozijua kuliko mtu yeyote, mbele ya watu aliowashonea. Lakini kisingizio chake kilikuwa kimefungwa kila upande, hatukuwa na pa kukifungulia. Alikuwa anakula kidogo, na anaongea kidogo zaidi. Dada yangu aliogopa kwamba tunamzika akiwa hai.

Nami nilikuwa mtoto wa bure kabisa. Nilikwenda kila siku baada ya sala ya alasiri, nikamuuliza hali, akajibu Alhamdulillahi, kisha tukakaa tukisikiliza saa ya ukutani. Mtu niliyesema mbele ya watoto wa watu miaka thelathini na minne sikuwa na la kumwambia mzee mmoja. Kwa hiyo siku hiyo, kwa kukosa jingine, nikamwambia namba.

Nilitarajia asinzie. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika penye kuzunguka, kwamba tarakimu ni zile zile ila mahali pa kuanzia ndipo panapobadilika, aliinua uso.

"Na mwando wake uko wapi?"

Nikamwambia mwanzo wake ni popote upendapo. Akainua mikono yote miwili, akaishika hewa mbele yake, vidole vimeenea, gumba huku na gumba huku, kama mtu anayepima kofia. Akasema basi hiyo si namba, hiyo ni kofia. Akanitaka nimtajie kila tarakimu na iliyoikabili upande wa pili. Nikamtajia, naye akawa anasogeza magumba yake mawili hewani, jozi kwa jozi, tisa, tisa, tisa, mpaka akamaliza mzunguko. Kwa nusu saa aliniuliza maswali mengi kuliko miezi minane yote. Dada yangu alisimama mlangoni na sinia la kahawa, hakuingia, akiogopa kulikata jambo lile.

"Ishone," Baba akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamkumbusha siku zile mbili za utoto wangu. Akasema anazikumbuka vizuri, na ndiyo maana atanisimamia. Nikamuuliza, nikiishona, ataivaa? Akajibu kwamba hajavaa kofia ya mkono wa mwingine, ila mkono wangu hajajua bado kama ni mkono wa mwingine au la. Hilo ataliamua kofia ikisha. Nilipokuwa nimekwisha kuondoka alimwambia dada yangu kwamba ikitimia kofia ya kuvalika, ataivaa kwa sala ya Ijumaa. Dada yangu alinifuata mbio mpaka njiani kunipa habari hiyo. Alinishika mkono wa kanzu akaniambia kwamba katika maisha yangu nimewahi kuanza mambo mengi na kuyaacha nusu, na hili nikiliacha nisikanyage tena nyumba ile.

Kofia zetu zina sehemu mbili: kifuniko cha juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kazi yote iko kwenye ukanda. Unatoboa tundu kwa sindano nene, kisha unalizungushia uzi, mara nyingi, mpaka ukingo wake unakuwa mgumu unaohisika kwa kidole. Nilichora ukanda wangu kwa rula na penseli, nikaugawanya vyumba kumi na sita vilivyo sawa, na kila chumba nikakipangia matundu kwa hesabu ya tarakimu yake. Chenye nane kilipata matundu manane, chenye tatu kilipata matatu. Jumla yake ni matundu sabini na mawili, yaani tisa mara nane. Fundi wa kweli angecheka. Kofia ya babangu ilikuwa na matundu yasiyohesabika. Lakini mimi kwa mkono wangu sabini na mawili yalikuwa safari ya Makka kwa miguu.

Tuligombana hata kabla sijatoboa la kwanza. Nilimpa Baba ukanda wenye alama za kalamu niliyoikandamiza kwa nguvu, ahisi vyumba. Akavipitia kwa kidole, akafika penye sufuri, akasimama. Akasema hapa hukuweka kitu. Nikamwambia hapa ni sufuri. Akasema kofia haiachwi chumba kitupu. Watu wakiona chumba kitupu watauliza mshonaji alikufa lini. Niweke tundu moja tu, la heshima.

Mtu mwingine angeweka tundu moja la heshima. Mimi nilisimama katikati ya chumba na kumpa babangu somo. Nilimwambia sufuri si ukosefu wa kitu. Nilimwambia kwamba bila sufuri ile namba yote inaharibika, haizunguki tena, na kwamba moja mahali pa sufuri ikikabiliana na tisa inakuwa kumi, na kumi ni uchafu. Nilipandisha sauti. Nilikuwa namfokea kipofu juu ya sufuri, na dada yangu alikuwa ananitazama. Baba aliukunja ukanda vizuri, akanirudishia, akasema basi tuache.

Siku nne sikwenda. Siku nne nilikaa Wiyoni nikijiambia kwamba nina haki, nami kweli nilikuwa nayo, na haikunisaidia kitu. Mke wangu aliniuliza ni nini hasa kitakachopotea ulimwenguni kama kofia moja Lamu itakosea hesabu. Nikamjibu kwamba hawezi kufahamu. Ya tano, dada yangu akapiga simu, akasema Baba ananiita.

Nilimkuta ameshika ile kofia yake aliyozalia paka, imefuliwa lakini haitamaniki. Alikuwa ameigeuza kisogo mbele. Akanichukua kidole changu cha shahada akakiweka nyuma ya kofia, mahali ncha mbili za ukanda zinapokutana. Hapo nguo imekunjwa mara nne, sindano ya tundu haipiti, na hakuna mshonaji aliyewahi kuweka tundu hapo. Panaachwa nafasi ya upana wa kidole, patupu, katika kila kofia, na mvaaji anapaweka kisogoni ili pasionekane.

"Sufuri yako tia hapa," akasema. "Na tisa itakuya mbee, penye uso."

Sufuri kwenye mshono, na iliyoikabili, tisa, chumba kilichojaa kuliko vyote, kwenye paji la uso. Miaka yote nimefundisha sufuri, nikaichora ubaoni, nikaitungia mitihani, na kila mwanamume mwenye kofia niliyepata kumwona alikuwa amebeba moja kisogoni mwake. Babangu ndiye aliyeiona, naye haoni. Nilimwomba radhi. Akasema hana neno, ila nisimfokee tena kabla ya kahawa.

Miezi minne tulishona. Nasema tulishona, mimi nilitoboa na kuzungusha uzi, yeye alikuwa hakimu. Kila alasiri nilimletea ukanda, nikazikutanisha ncha mbili kwa pini uwe duara, naye akapitisha magumba yake pande mbili zinazokabiliana. Zikitimia tisa alikwenda mbele. Zisipotimia alisema neno moja tu, fumua, nami nikafumua. Chumba chenye saba kilicho karibu na sikio la kushoto nilikifumua mara tatu: mara moja kwa kuwa matundu yalikuwa manane, mara mbili kwa kuwa yalikuwa saba lakini mabaya. Nikamwambia hesabu imetimia. Akasema hesabu imetimia, kofia bado. Siku moja niliinuka kwenda zangu na kikoi changu kikainuka pamoja na ukanda, kwa sababu nilikuwa nimevishona vyote viwili pamoja, mishono kumi na zaidi. Dada yangu alimweleza kilichotokea. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mombasa.

Nikaanza kusikia mambo mengine. Kwamba ameomba samaki wa kupaka, akala akaongeza. Kwamba anamwuliza dada yangu saa ngapi, kabla ya wakati wangu wa kufika. Nikawa nakwenda mapema. Tulizungumza juu ya uzi, juu ya nta ya kuupaka usikatike, kisha juu ya watu aliowashonea, nani alikuwa na kichwa kikubwa na nani alidai kofia mpya kila mwaka kwa kumwogopa mkewe. Nilikuwa na miaka sitini na ndiyo kwanza namjua babangu.

Nilikuwa nimeanzia mbele, penye tisa, nikaenda pande zote mbili, kwa hiyo vyumba vya mwisho vilikuwa viwili vinavyopakana na mshono: saba upande wa kushoto, tano upande wa kulia. Hapo Baba akawa ametaja siku. Alisema Ijumaa hii. Hakuna aliyemsukuma, alisema tu, akinywa kahawa, na dada yangu akatoka haraka kwenda jikoni akasahau kurudi. Kwa hiyo nilishona kama ninayefukuzwa. Jumatano nilimaliza tano, sikumwonyesha, hapakuwa na wakati. Alhamisi asubuhi niliziunga ncha, nikatia kifuniko cha juu, mke wangu akaifua, akaitia kanji, akaikausha juu ya bakuli lililofudikizwa. Alasiri niliipeleka.

Baba aliishika kwa mikono miwili. Akapitisha magumba, jozi kwa jozi, polepole, mzunguko mzima, kisha mzunguko mwingine. Akaigeuza, akapapasa tena karibu na mshono. Kisha akasema, "Haya," akaivaa.

Sikuwahi kupata cheti kilichonifurahisha kama neno hilo. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu namna alivyolisema, kisha nikamsimulia tena, mpaka akakumbuka kwamba ana kazi kwa jirani.

Ijumaa nilimkuta amekwisha kuoga, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, amekaa karibu na mlango. Alinishika mkono juu ya kiwiko. Kwenye kizingiti alisita kidogo nami nikasita naye. Kisha akavuka. Njia ile ya dakika tano ilituchukua robo saa, maana kila hatua palikuwa na mtu wa kusimama. Wenye maduka walitoka nje. Watu walimpa mkono wakajitaja majina, naye akawauliza habari za watoto wao kama kwamba alionana nao jana. Mzee mmoja, fundi mwenzake wa zamani, aliinua mkono akapapasa ukanda wa kofia bila hata kuomba ruhusa, kama mafundi wafanyavyo, akauliza huu ni mkono wa nani.

"Mkono wa nyumbani," Baba akajibu.

Msikitini walimpisha safu ya mbele. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo mimi nikakaa nyuma yake, na kisogo chake kikawa mbele ya macho yangu, umbali wa mkono. Khatibu akapanda. Mungu anisamehe, hotuba ile siijui hata neno moja. Nilikuwa naisoma kofia yangu. Nne, saba, mshono. Niliutazama ule mshono nikajiona mtu mkubwa. Kisha nikapita upande wa kulia, kwenye tano.

Nikahesabu sita.

Nikafumba macho, nikafumbua, nikahesabu tena kutoka chini. Sita. Iliyokikabili chumba hicho ni nne, kando ya paji la uso. Nne na sita ni kumi. Kofia nzima ilikuwa na matundu sabini na matatu, namba tasa, haigawanyiki kwa chochote, haizunguki kwenda popote, na ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha babangu katika safu ya mbele mbele ya mji mzima. Mtu niliyewakata watoto wa watu alama kwa kusahau nukta, na katika kazi moja ya maana niliyopata kuifanya nimeshindwa kuhesabu mpaka tano. Nilianza kupanga: tukitoka tu namvua, nakwenda nayo nyumbani, nafumua, kabla ya alasiri itakuwa tayari.

Lakini baada ya sala sikuweza kumfikia. Watu walimzunguka. Alikaa hapo uani kwa muda mrefu, amejiegemeza ukutani, akisimuliwa na kusimulia, na mara mbili nilimsikia akicheka. Mimi nilisimama kando na viatu vyake mkononi na tundu langu la ziada moyoni.

Tulipokuwa njiani kurudi, watu wamepungua, sikuweza kuvumilia. Nilimwambia Baba, kofia ina kosa. Chumba cha tano, kulia kwa mshono. Nimeweka sita. Nilimwambia nitaichukua sasa hivi nikairekebishe, na kwamba naona haya.

Alikwenda hatua chache, mkono wake juu ya kiwiko changu.

"Naliyua tangu yana," akasema.

Nikamuuliza basi mbona hakuniambia jana hiyo hiyo, yeye aliyenifumulisha saba mara tatu.

"Ningekwambia, ungeifumua," akasema. "Nami nalitaka kutoka yeo."